Ethi ya Upande wa Pili

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Maana yake ni kwamba ngozi huweza kufunga juu ilhali kidonda chini yake kingali kibichi. Mtu aliyedhulumiwa aweza kula nawe, akacheka nawe, akaitikia salamu yako kila asubuhi, nawe ukadhani yamekwisha. Kumbe anabeba moyoni jambo ambalo hata katika sala hulitaja kwa shida. Hadithi hii ni ya mafundi wawili wa umeme wa chini ya ardhi, na ya waya mmoja uliofanana nao.

Katika kikosi cha mafundi waliofukia na kuunga nyaya za umeme mkubwa, palikuwa na msimamizi aliyeitwa Udongo. Halikuwa jina la kuzaliwa. Alipewa kwa sababu ya wimbo wake wa kila siku: "Kwanza udongo." Kabla fundi hajaweka mkono juu ya waya wowote, hata uliozimwa, hata uliofunguliwa ncha zake zote mbili, ilimpasa kwanza auunganishe na ardhi kwa waya mnene wa shaba ambao mafundi huuita ethi. Umeme uliojificha humo, au uliorudi kwa njia isiyotazamiwa, ungeshuka ardhini badala ya kupita mwilini mwa mtu. Tena ethi iliwekwa pande zote mbili, huku na kule waya unakoishia. Aliye upande mmoja alimtegemea wa upande wa pili kama mtu aliyeshuka kisimani anavyomtegemea aliyeshika kamba.

"Waya wa ardhini una kumbukumbu," Udongo aliwaambia wanafunzi wa kazi. "Ukiupima kwa umeme mkali, huumeza. Ukiugusisha na ardhi mara moja, kipimo kitasoma sifuri nawe utafurahi. Ondoa ethi yako, geuka kidogo umsalimie mpita njia. Chaji iliyozama katika ngozi yake itapanda tena, taratibu, bila kelele. Huo ndio waya unaoua watu: ule uliokwisha kutulia."

Maneno hayo aliyajua kama anavyojua njia ya kwake. Aliyajua kuhusu nyaya.

Fundi wa pili alikuwa mdogo wa mke wake. Udongo alimwita Shemeji, na kwa kuwa Udongo alikuwa msimamizi, kikosi kizima kilimwita Shemeji, pamoja na mlinzi wa getini. Alikuwa mcheshi. Asubuhi, wakipakia vifaa garini, utani wake ulikuwa kama sukari katika chai ya watu wote.

"Shemeji," angemwambia Udongo, "dada yangu amekulisha nini leo, mbona shavu linang'aa hivyo?"

"Chai kavu."

"Chai kavu haing'arishi shavu. Wasimamizi mna siri nyingi."

Na dereva wa gari lao angedakia, "Shemeji, mimi nakuita shemeji bure kila siku. Nipe basi dada, nikuite kwa haki."

"Dada zangu wamekwisha. Amebaki shangazi, naye hana meno."

"Nitamtafunia."

Wangecheka wote, naye Shemeji angecheka zaidi ya wote huku akishusha mkono wa shati mpaka kwenye kifundo. Hata jua likiwaka vipi, shati lake lilikuwa la mikono mirefu. Chini ya shati hilo, kuanzia kiganja cha kushoto hadi karibu na kiwiko, ngozi yake ilikuwa imekunjamana na kung'aa kama mfuko wa plastiki uliopitishwa motoni.

Kovu hilo lilikuwa na historia. Miaka ya nyuma Shemeji ndiye aliyekuwa muungaji hodari wa kikosi, mwenye kibali cha kuunga nyaya, na Udongo alikuwa fundi mwenzake tu. Siku moja Shemeji alikuwa shimoni akiunga waya, na Udongo alikuwa mbali, kwenye kabati la umeme, akilinda ethi ya upande wa pili. Udongo alidhani kazi imekwisha. Akaitoa ethi. Saa hiyo hiyo kiwanda kimoja kiliwasha jenereta lake, umeme ukarudi kinyumenyume kwenye ule waya, na mkono wa Shemeji ukawaka.

Kamati ilipoketi, Udongo aliulizwa kama alimtaarifu mwenzake kabla ya kutoa ethi. Alijibu, "Nilimtaarifu." Baadaye alijiambia kwamba huenda kweli alisema, ila simu ya upepo ikameza sauti. Alijiambia hivyo mara nyingi hata maneno yakaanza kufanana na kweli. Kamati ikaamua kwamba Shemeji alikosa kusubiri, kwamba alifanya kazi bila kuambiwa kuwa ni salama. Akanyang'anywa kibali. Tangu siku hiyo hakuruhusiwa kuunga waya wowote. Kazi yake ikawa kusimama penye kabati na kutii. Udongo akapanda cheo.

Ndugu waliwaketisha sebuleni. Udongo akasema, "Shemeji, tusameheane, yaishe." Shemeji, bandeji ikiwa ingali mkononi, akasema, "Yameisha." Wakapeana mikono, ile mizima. Chai iliyokuwa mezani ilikuwa haijapoa. Udongo akashusha pumzi, na hakulitaja tena jambo lile. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mke wake ndiye ambaye hakuridhika. Jioni moja, akikunja nguo kitandani, alimwambia, "Baba watoto, mdogo wangu ule utani wake ni pazia. Kila ukimkaribia analishusha."

"Mdogo wako ni mcheshi tangu azaliwe."

"Nimemlea mimi, namjua. Zamani alikuwa akicheka anakutazama. Siku hizi anacheka anatazama chini. Tena siku hizi hafanyi kitu mpaka aambiwe. Jana nimemwachia uji jikoni. Amekaa mbele ya sufuria na njaa yake mpaka nimemwambia pakua."

"Hiyo ni nidhamu. Ajali ilimfunza."

Mke wake alikunja shati moja polepole. "Na kibali chake?"

"Nitasema na mhandisi. Wakati ukifika."

"Wakati unaletwa na nani?"

Mke wake akapiga magoti kando ya kitanda kama alivyofanya kila siku, akamwombea mume wake, kisha akamwombea mdogo wake. Udongo alisikia majina yote mawili, akafumba macho.

Ikatokea kwamba mtambo wa kuchimba mifereji ulikata waya uliopeleka umeme hospitalini. Hospitali ikabaki ikitegemea jenereta lililokuwa likikohoa uani kama mgonjwa wa kifua. Kikosi kikaitwa. Udongo alishuka shimoni akaunga waya kwa mikono yake, naye Shemeji akampa vifaa kimoja kimoja, kila kifaa baada ya kuombwa. Udongo hakukumbuka kwamba zamani mtu huyu alikuwa akimpa koleo kabla hajanyoosha mkono.

Kilichobaki kilikuwa kupima. Udongo aliingia katika chumba cha swichi cha hospitali, mahali waya ulipoishia. Shemeji alikwenda kwenye kabati la upande wa pili, mwisho wa barabara, nyuma ya ukuta wa karakana ya viti. Hawakuonana wala kusikiana ila kwa simu ya upepo. Dereva alitumwa uani akamwambie mwangalizi wa jenereta ajiandae kuzima.

"Shemeji, toa ethi, tunapima."

"Nimetoa."

Mtambo wa kupimia ukavuma. Udongo alisukuma umeme mkali ndani ya waya na kuuacha humo, macho yake yakiwa kwenye mshale. Mshale haukuyumba. Kiungo chake kilikuwa kizima, na moyoni akamshukuru Mungu. Alizima mtambo, akachukua fimbo ndefu ya kutolea chaji, akaigusisha na waya. Cheche ikalia ndogo, kama ulimi unaosonya. Akafunga ethi yake. Kipimo kikasoma sifuri.

"Tayari," alisema. "Nimeshusha chaji."

"Sawa, Shemeji."

Kwa fundi yeyote wa kazi hiyo maneno yale yalitosha. Akiambiwa chaji imeshushwa, aliye upande wa pili hurudisha ethi yake bila kuagizwa, kama mtu anavyofunga mlango nyuma yake. Hakuna aliyewahi kutamka "rudisha". Ingekuwa sawa na kumwambia mtu mzima ameze mate.

Shemeji alisimama mbele ya kabati, kibano cha ethi kikining'inia mkononi. Alikitazama. Hajasema nirudishe, akawaza. Waliandika kwamba nilifanya bila kuambiwa. Basi sitafanya bila kuambiwa. Alipindua ndoo ya mchanga, akaketi juu yake. Hakuwa na hasira. Kama mtu angemuuliza wakati ule, angesema hana kinyongo na mtu, na angeapa. Kovu lake lilikuwa likimwasha. Alilikuna juu ya shati.

Huku chumbani, daktari alisimama mlangoni. "Fundi, mnatupa tumaini gani? Nina watoto njiti humu ndani, na lile jenereta silisadiki tena."

"Dakika chache tu, daktari. Nimebakiza kufunga vichwa vya waya."

Lakini kibano cha ethi yake kilikuwa kimeuma waya palepale ambapo soksi ya plastiki, ile inayofunika ncha ya waya, ilipaswa kupita kabla ya kufungwa. Jambo hilo hutokea kila siku, na dawa yake inajulikana: ukiwa na ethi upande wa pili, waweza kutoa ya kwako kwa muda. Udongo akaitoa. Daktari akamuuliza kama umeme utarudi wodi zote pamoja au moja baada ya nyingine, naye akageuka kumweleza kwa heshima na kirefu, mpaka daktari akaitwa ndani.

Nyuma ya mgongo wake waya ulining'inia kimya. Ndani ya ngozi yake, kile ulichokuwa umemeza kilianza kupanda.

Kule kabatini Shemeji alikitazama tena kibano. Aliinua simu ya upepo, akabonyeza kitufe, akaachia. Udongo alisikia mkwaruzo kwenye simu yake, akadhani ni upepo. Alivua glavu moja, kwa sababu uzi wa bolti ile ndogo haukamatiki kwa glavu. Shemeji akabonyeza tena. Safari hii maneno yalimtoka yenyewe, kwa sauti ambayo hakuitambua:

"Shemeji, huku ethi haijarudi. Usiguse. Shemeji."

Simu haikujibu.

"Udongo."

Miaka yote hajawahi kumwita hivyo. Simu ikakaa kimya. Miguu ilitaka kukimbia, lakini kitu kimoja kilikuwa kimejengeka ndani yake kuliko uchungu wote: alikishika kibano kwa fimbo yake, akarudisha ethi, akakaza mpaka mwisho. Ndipo akakimbia. Alipita karakana, akaruka udongo wa shimo, akaingia chumba cha swichi akiwa amepoteza kiatu kimoja.

Udongo alikuwa chali chini ya ukuta. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vyeusi. Kifua hakikupanda wala kushuka. Shemeji akapiga magoti, akaweka viganja vyake katikati ya kifua cha mume wa dada yake, akaanza kukandamiza. Mkono wa shati ulirudi nyuma na kovu likawa wazi mbele ya kila aliyefika pale. Hakulificha. Alikandamiza huku akisema, "Sikukwambia. Sikukwambia. Mungu wangu, sikukwambia," mpaka wauguzi walipomsogeza kando, na hata walipomsogeza mikono yake iliendelea kusukuma hewa.

Udongo aliishi. Vidole viwili vilikatwa. Alipoweza kuketi, mhandisi mkuu wa idara, mama mmoja mkavu asiyependa maneno mengi, alikuja na kiti chake kando ya kitanda kuchukua maelezo. Mke wa Udongo alikaa upande wa pili. Shemeji alisimama penye mlango, nusu ndani, nusu nje.

"Swali langu ni moja," mhandisi alisema. "Ethi ya upande wa pili haikuwapo ulipotoa ya kwako. Je, ulimwambia airudishe?"

Udongo alimtazama Shemeji. Hakuna aliyesikia mazungumzo yao. Dereva alikuwa uani. Neno moja lingetosha, nalo lilikuwa tayari ulimini, maana lilikuwa limetumika kabla. Na kila fundi angemwamini, kwa kuwa ni kweli kwamba hakuna fundi anayesubiri kuambiwa hilo. Mke wake hakumtazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, midomo ikicheza taratibu kama mtu asemaye na Mungu wake.

"Sikumwambia," Udongo alisema.

Mhandisi aliandika.

"Na safari ile," Udongo akaendelea, akitazama bandeji yake, "ile ya mkono wake. Pia sikumwambia."

Kalamu ya mhandisi ilisimama. Mlangoni Shemeji aliinua mkono wa kushoto kana kwamba anataka kuzuia kitu, kisha akaushusha.

"Una hakika na unachosema? Kuna mtu alipoteza kibali kwa ajili hiyo."

"Najua ni nani. Nimekuwa nikimpita kila asubuhi."

Mhandisi alimgeukia Shemeji. "Nawe una lako. Fundi akiona hatari akanyamaza, hata kwa pumzi moja, hana tofauti na aliyeiweka. Umesikia?"

"Andika na hilo, mama," Shemeji alisema. "Nilijua ethi haipo. Nilijua tangu mwanzo."

Kisha akatoka. Dada yake alimfuata, akamkuta ameketi kwenye benchi la ukumbini, viganja usoni.

"Dada, nilikuwa nasubiri aniambie."

"Akwambie nini?"

"Aniambie nirudishe ethi." Akatikisa kichwa. "Sijui. Labda nilikuwa nasubiri lile lingine. Nimelisubiri miaka, nikadhani nimeacha kulisubiri. Nilikuwa nacheka, Dada. Nilidhani ninavyocheka ndiyo nimepona."

Dada yake aliketi karibu naye, akauchukua mkono wenye kovu akauweka mapajani mwake, kama alivyokuwa akiuweka mdogo wake alipochomwa na mwiba utotoni.

"Ulipoona hajibu, ulianza na nini?"

"Ethi. Kabla ya kukimbia."

"Kwa nini?"

"Ningeiacha, atakayemgusa angekufa naye. Ndivyo anavyofundisha kila siku." Akafuta uso kwa bega. "Kwanza udongo."

Dada yake akacheka kidogo huku machozi yakimtoka, nao wakakaa hivyo mpaka muuguzi alipokuja kuwaambia saa ya kutazama wagonjwa imekwisha.

Idara iliamua. Udongo aliondolewa usimamizi, akapewa kazi ya kufundisha. Shemeji alisimamishwa kwa msimu mmoja kwa kosa la kunyamaza, kisha akarudishiwa kibali chake, pamoja na tamko lililobandikwa ubaoni kwamba katika ajali ya kwanza hakuwa na hatia. Siku lilipobandikwa, dereva alilisoma mbele ya watu, akakohoa, akasema, "Basi Shemeji, sasa jina lako ni safi, hata shangazi namkubali." Watu wakacheka. Shemeji alitabasamu tu. Siku hizo hakuwa tena na utani wa kila asubuhi. Wengine walimsikitikia kwa hilo. Dada yake alimshukuru Mungu, kwa sababu alianza kumwona akila bila kuagizwa, akinuna akiwa na sababu, na siku moja alimgombeza Udongo mezani kwa sauti kubwa juu ya jambo dogo la redio, hata watoto wakashangaa. Udongo alimsikiliza mpaka mwisho.

Msimu uliofuata, Udongo aliwakusanya wanafunzi wapya uani mwa karakana ya idara mbele ya kipande kirefu cha waya. Shemeji alikuwa amesimama nyuma, amekuja kuchukua vifaa, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Udongo aliupima waya kwa umeme mkali, akaugusisha na ardhi, na mshale ukalala kwenye sifuri.

"Umekufa?" akauliza.

"Umekufa, Mzee," wakajibu.

Aliondoa ethi kwa fimbo, wakangoja. Mshale ukatikisika. Ukapanda kidogo, ukatulia, ukapanda tena, na wanafunzi wakaanza kunong'onezana na kurudi nyuma. Udongo akafunga ethi kwa mkono wake wa vidole vitatu.

"Kuugusa mara moja si kuutuliza. Ethi huachwa. Hata mshale ukilala, iacheni ikae."

"Ikae mpaka lini, Mzee?" mwanafunzi mmoja aliuliza.

Udongo alifikiri, kisha akainua macho juu ya vichwa vyao. "Muulizeni yule pale. Yeye anajua kuliko mimi."

Wote wakageuka. Shemeji alijipangusa mikono kwa kitambaa, taratibu, akamtazama mume wa dada yake usoni, si chini.

"Bado, Shemeji," alisema. "Lakini usiitoe."

Akabeba vifaa vyake akaenda kazini. Ama kweli, mwenye kovu usidhani kapoa.